Sentimita Sitini na Saba na Nusu

Saa nane za usiku, mjini Szolnok,
Mto Tisza uko mara mbili:
mmoja nje, nyuma ya tuta, mweusi, una magogo;
mwingine humu ndani, vipande milioni nne,
pembetatu kwa pembetatu, kama kimia
kilichotandazwa juu ya nyanda.
Wa nje hauombi ruhusa.
Wa ndani uko kwenye foleni.

Mbele yetu wako kumi na tisa.
Kuna anayegonganisha nyota na nyota,
kuna anayekunja protini na kuikunjua,
na kompyuta kuu, huko mji mkuu, haijui
kwamba theluji ya milimani imeyeyuka
na mvua imeipanda mgongoni.
Dorottya anapiga simu. Anasema tafadhali
kwa sauti niliyowahi kuisikia kanisani tu.
Saa tisa kasorobo tunapewa zamu.

Tukaenda. Saa ya kwanza ya mto, ya pili, ya kumi,
feni zikivuma, kahawa ikipoa.
Saa ya thelathini na moja, kimya.
Imekufa.
Nikachimbua mistari elfu sita ya malalamiko ya mashine
nikamkuta mhalifu: kipande kimoja chini ya daraja la reli,
hakizidi mkeka wa kulalia mtu mmoja,
kina chake hasi sentimita mbili.
Maji pungufu ya ukavu!
Kwa ajili ya mkeka ule mto mzima
ulikuwa umetembea kwa robo ya sekunde, robo ya robo,
kama msafara unaomngoja mtoto mwenye mwiba mguuni,
hadi mtoto akaketi, na msafara ukaketi.

Nikaupanua mkeka. Najua si haki:
pale pana nguzo, na nguzo ina kizingia chake
ambacho sasa hakipo katika dunia yangu.

Kisha diski ikajaa.
Dorottya akafuta gharika za zamani, moja moja,
akizitaja kama anayeaga wageni:
ile ya Machi, ile ya barafu,
ile iliyobeba ghala la alizeti.

Alfajiri ramani ikatoka, safi,
buluu mahali pa buluu.
Tuta la kijiji cha micheri: salama,
limebakiza sentimita tisini.
Kalamu ilikuwa tayari mkononi
Vencel, msoma kipimo, alipopiga, sauti imejaa upepo:
"Tisini? Mimi nimesimama juu yake.
Imebaki shibiri. Nikiinama nanawa uso."

Tukashusha sanduku la michoro ya tuta.
Pembeni mwa karatasi, wino umefifia:
urefu wapimwa kutoka Bahari ya Adriatiki.
Na sisi, na mashine, na vipimo vyote vya leo,
twahesabu kutoka Baltiki.
Nchi isiyo na pwani
ilipima udongo wake kwa bahari mbili za watu,
na kati ya bahari na bahari
sentimita sitini na saba na nusu.
Hapo ndipo tuta letu lilipokuwa limesimama usiku kucha:
juu ya hewa.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tulilipwa tuyazoe kabla,
na tukayazoa kwa kibaba kilichotoboka.

Nikasahihisha. Nikarudi foleni. Kumi na mmoja mbele.
Nikamwambia Vencel, msitungoje.
Akacheka: "Nani aliwangoja?
Magunia yamefika safu ya tatu,
hata padri ana koleo."

Jibu lilikuja saa kumi jioni,
sahihi, tofauti yake vidole viwili.
Ndani ya mashine, ambamo hakuna aliyejaza gunia,
kijiji kilizama vizuri sana,
mcheri baada ya mcheri.
Nje, Vencel ametuma picha ya buti zake:
tope, lakini kavu kwa ndani, amesema.

Dorottya anauliza gharika hii tuiite nini.
Diski imebakiza asilimia tatu.